Siku Ng'ambo Ilipovuka

Yasongolo, tarehe 9 Februari 2025

Papa mpenzi,

Nimefika muzima. Kutoka Yahuma tulipiga kasia siku tatu katika maji yasiyo na ukingo, miti tu huku na huku, mpaka Mohamadi mwenye boti akanyoosha kidole na kusema, "Ule pale, unakuja." Nilidhani amekosea neno. Hakukosea, papa. Kipande cha mwisho cha mji kilikuwa bado kinatafuta mahali pa kukaa.

Yasongolo ni visiwa tisa, na visiwa vyenyewe vinaelea. Ni mizizi iliyosukana na udongo tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, minene kiasi kwamba juu yake wamejenga nyumba za orofa mbili, soko, kanisa na musikiti. Kila mwaka maji yakipanda, watu wanafungua kamba, wanabomoa madaraja kwa mikono yao, na visiwa vinatawanyika ziwani. Maji yakishuka, kila kisiwa kinakaa pale kilipofika, na mji unafungwa upya. Sheria yao ya kwanza inasema kwamba yule ambaye maji yatamleta mbele ya mlango wako ni jirani yako kwa mwaka mzima, umpende usimpende.

Ndiyo maana nyumba hazina mbele wala nyuma. Kila nyumba ina milango miwili mikubwa, kwa sababu hakuna anayejua jirani wa mwakani atatokea upande gani. Mapaa yamepinda kama mitumbwi iliyofunikwa. Mahakama haina jengo: inakaa juu ya daraja, mshtaki upande huu, mshtakiwa upande ule, hakimu katikati, na hakuna anayeruhusiwa kupita mpaka hukumu itoke. Wenye mizigo wanapiga kelele, donc kesi hazichelewi. Ofisi ya mji nayo iko juu ya kisiwa kidogo kisicho na wakaaji. Inasukumwa kwa miti kutoka mtaa hadi mtaa, mwezi hapa, mwezi pale. Mkuu wa mji anaitwa Mshika-Kamba. Sasa ni mwanamke, mama Jemima, mrefu, anaongea polepole.

Visiwa vinane vimeshafungwa pamoja. Cha tisa kinaitwa Ng'ambo. Ni kizito, kimekaa kwenye mkondo, kinageuka taratibu kama mtu anayejigeuza kitandani. Kila daraja walilokifungia limevunjika. Na sheria inasema anayepiga kura ni yule anayefika mkutanoni kwa miguu yake mwenyewe, na ofisi inatembelea mitaa iliyofungwa tu. Watu wa Ng'ambo ni mia sita na kumi na wawili. Miaka kumi na moja hawajapiga kura.

Maseremala wote wameshindwa, ndipo wakatafuta mtu wa chuma. Ndiyo kazi yangu hapa. Ninalala Ng'ambo kwenyewe, kwa mama Hadidja, mkunga. Ananilisha liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, mpaka nashindwa kuinama.

Hakuna réseau ya simu. Barua ni kwa mkono wa Mohamadi tu.

Mwanao,
Kahambu

*

Makiso, le 27 Februari 2025

Mutoto wangu Kahambu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, juu ya wale wa toleka hapa parking walinizunguka, baiskeli na abiria wao, kama nzi. Feruzi amesema muji wa namna ile hauko. Nikamuambia, wewe hata Yangambi haujafika, unajua nini?

Mimi niko muzima. Kazi iko. Toleka zinapunguka kila siku, vijana wanapenda moto, zile pikipiki, lakini wamama wa soko bado wanaleta baiskeli zao.

Sasa nakuuliza kama fundi, si kama papa. Hiyo daraja utaifunga namna gani? Ile soudure yako ya kuchomelea chuma iko nzuri, najua, mimi ndiye nilikufundisha. Lakini kitu kinachogeuka si sawa na kitu kinachokaa. Niandikie vipimo. Usiniandikie mapaa.

Kula vizuri.

Papa yako,
Sylvain

*

Yasongolo, tarehe 16 Machi 2025

Papa,

Mohamadi anaondoka sasa hivi, naandika nikiwa nimesimama. Daraja tulilimaliza tarehe 8. Mita arobaini na mbili, nyaya mbili nene, mbao za lifaki. Watu wa Ng'ambo walicheza siku nzima. Mama Hadidja alinifunga kitambaa chake cha hariri kichwani.

Nina kazi nyingine kidogo hapa, kwa hiyo nitachelewa kurudi. Usiwe na wasiwasi.

Kahambu

*

Makiso, le 31 Machi 2025

Kwa Mukubwa wa Muji wa Yasongolo,

Mama,

Mimi ni Sylvain, fundi wa baiskeli hapa Makiso, Kisangani, tangu miaka makumi tatu na moja, papa ya Kahambu.

Mutoto wangu ameniandikia barua ya mistari munane. Anasema daraja imemalizika. Hasemi kama inasimama. Mimi nimemulea, najua barua yake ikiwa fupi iko namna gani. Nikamukamata Mohamadi kwenye port, nikamuuliza. Mwanzo alikataa. Kisha akasema: "Papa Sylvain, imeanguka, na watamuweka chini ya daraja. Ni sheria yao."

Alors, ninyi ni watu gani? Mutoto ametoka kwao kuwasaidia, mnataka kumuzika chini ya daraja? Kama amekosa, mumurudishe kwangu, nitamugombeza mimi mwenyewe. Na kama hiyo daraja ni mbaya, muniambie imekatikia wapi. Katikati ao kwenye pembe? Chuma kimevunjika ao kimenyooka? Mutu anayehukumu fundi bila kuangalia pale kitu kimekatikia, huyo hajui kazi, na hana haki ya kuhukumu.

Mimi si mutu wa makelele. Lakini nikisikia mutoto huyo ameguswa, nitakuja na toleka zote za Kisangani.

Sylvain

*

Ofisi ya Mji, Yasongolo
Mtaa wa Wafuma Mikeka kwa mwezi huu
Tarehe 12 Aprili 2025

Kwa Mzee Sylvain, fundi, Makiso

Mheshimiwa,

Barua yako tumeipokea. Kwa sheria yetu, barua yoyote ya mgeni inayoulaumu mji husomwa hadharani, tena na Mshika-Kamba mwenyewe. Nimeisoma mbele ya mkutano, pamoja na pale unaposema sina haki ya kuhukumu. Watu walinitazama usoni nilipofika hapo. Nilisoma mpaka mwisho.

Napenda kukuondolea hofu moja. Hatuziki mtu. Kila anayejenga daraja katika mji huu hukaa chini yake, ndani ya mtumbwi, siku ambayo mji mzima unapita juu kwa mara ya kwanza. Baba yangu alikaa chini ya madaraja ishirini.

Hofu nyingine siwezi kukuondolea. Daraja la binti yako halikufika siku hiyo. Tarehe 11 Machi, kabla ya sherehe ya kupita, maji yalipanda ghafla, Ng'ambo ikageuka, na waya wa kushoto ukaanguka majini. Mpagazi mmoja, Noël, alikuwa akipita na gunia la mihogo. Amevunjika mguu. Binti yako aliruka majini na kumtoa.

Baraza lilimpa njia mbili: aondoke bila lawama, au ajenge tena ndani ya siku kumi. Alichagua kujenga tena. Siku kumi zilikuwa chache, zikapita daraja halijasimama, na sasa nakiri kwamba baadhi yetu tulijua hivyo.

Barua yako ilipokwisha kusomwa, mzee mmoja aliuliza: "Ni kweli, waya ulikatikia wapi?" Papa Sylvain, hakuna aliyejua. Katika miaka kumi na moja, kila daraja lilipoanguka tuliwahukumu waliolijenga, hatukuwahi kuangalia lilipokatikia. Mkutano umempa binti yako mpaka tarehe 24 Mei. Kura zilikuwa mia tisa kwa mia nne.

Tunaomba ushauri wako wa kazi.

Jemima, Mshika-Kamba

*

Ng'ambo, tarehe 12 Aprili 2025

Papa,

Barua hii inakuja na ile ya mama Jemima. Anza na yake. Mimi sina sura ya kukueleza.

Sikukudanganya kwamba tulimaliza. Nilikuficha kwamba lilianguka. Nilikaa na kalamu, nikaona jina la Noël haliandikiki. Kila asubuhi ninakwenda kumtazama. Mguu umewekwa vibao, anacheka, ananiambia alikuwa amechoka kubeba mihogo hata hivyo. Kucheka kwake kunaniumiza kuliko matusi.

Barua yako iliposomwa nilitamani maji yanimeze. Mbele ya watu elfu! "Nitamugombeza mimi mwenyewe." Vijana wa hapa sasa wakiniona wanasema maneno hayo kwa sauti nzito kama yako. Nilikasirika siku mbili, papa. Siku ya tatu nilikwenda majini kutafuta ule waya.

Haukukatika. Ulichomoka kwenye kifungo chake cha chuma, na kifungo kimelika upande mmoja, kama kilichopigwa tupa wiki nzima. Nilikuwa nimekibana kwa nguvu zangu zote. Nilichomelea hata nati zake zisifunguke.

Watu wa Ng'ambo hawajaniambia neno baya. Mama Hadidja aliniuliza kitu kimoja tu: "Unakwenda ao unabaki?" Nikasema nabaki. Akaniongezea samaki.

Niandikie kama fundi. Ukitaka kunigombeza, weka mwishoni.

Kahambu

*

Makiso, le 24 Aprili 2025

Kahambu,

Kugombeza naweka mwanzo, ili tumalize. Mutoto haachi papa yake asikie habari yake kwa Mohamadi. Bon. Imekwisha.

Ulifunga ngumu sana. Unakumbuka cadre za toleka, zile fremu, zinapasukia wapi? Chini ya kiti, kila mara. Fundi mujinga anaongeza soudure, anaweka na chuma ya pili, na inapasuka tena pembeni ya ile soudure. Juu ya nini? Mama anapanda na mifuko miwili ya unga, njia iko mashimo matupu, kile chuma kinataka kusogea na wewe umekikataza. Kitasogea tu. Kikikosa nafasi ya kusogea, kitavunjika.

Angalia mnyororo. Kila pete imeshikwa, lakini kila pete inageuka. Hakuna pete yenye nguvu peke yake. Jenga daraja yako vile: vipande vidogo, kila kipande na pini, kila pini na jeu, nafasi ndogo ya kucheza. Usiogope jeu. Wakati wa kupita itatikisika, watu watalia. Waache walie. Ile inayotikisika ndiyo inakuwa nzima.

Natuma cadre za zamani mia moja na makumi ine, zilikuwa zinaoza tu hapa. Na minyororo, na graisse ya kulainisha, dumu mbili. Pini uweke za chuma.

Kwa yule Noël, mupatie salamu. Mwambie mimi pia nimevunjika mguu, mwaka wa 98, na leo napanda baiskeli.

Mama yako, kama angekuwa hai, angekuja yeye mwenyewe.

Papa

*

Ng'ambo, tarehe 8 Mei 2025

Papa,

Boti mbili zimefika, ya pili ikiwa imelala upande kwa uzito. Unasema fremu zilikuwa zinaoza. Mbona kila moja imepakwa rangi mpya, na kila moja ina jina? Feruzi. Clovis. Papa Emile wa Mangobo. Franck Moto-Chini. Nimemkalisha Mohamadi, nikamnyima kahawa mpaka akasema. Kumbe uliwasomea barua ya mama Jemima pale parking, na kesho yake watu wa toleka walijipanga kwenye port tangu soko lilipofunguliwa, kila mmoja na baiskeli yake ya zamani begani. Kumbe Feruzi alileta ile aliyokuwa bado anaiendesha.

Nilikaa juu ya rundo la chuma nikalia, na wanawake wa Ng'ambo wakadhani mzigo una kasoro.

Kazi inakwenda. Fremu zinakaa mbili mbili, zinashikana kichwa na mkia, mbao fupi juu. Ninachomelea kwa ile groupe ndogo ya umeme mpaka mafuta yanaisha, kisha tunatoboa kwa mkono. Noël amekaa kwenye kiti, mguu mbele, anapaka graisse na kuwafokea wote.

Neno moja sikukusikiliza. Pini za chuma zinaila fremu. Nimeweka pini za mti wa wenge. Zikichakaa, mtu wa hapa anachonga nyingine bila kumngoja fundi kutoka Kisangani. Najua utakunja uso.

Siku ni ileile, tarehe 24. Maji yamepanda tena. Mama Jemima ameniuliza kama tusogeze mbele. Nimesema hapana, wapite maji yakiwa juu hivyo hivyo.

Kahambu

*

Ng'ambo, tarehe 26 Mei 2025

Papa!

Limesimama.

Nakaa chini nikueleze vizuri, kwa sababu najua utaisomea parking nzima.

Asubuhi ile Ng'ambo ilikuwa inageuka. Ungeiona kwa macho: mlango wa kanisa la upande wa pili ulikuwa mbele yetu wakati wa chai, na saa nne ulikuwa umeshasogea mkono wa kulia. Daraja nalo likapinda, fremu kwa fremu, likawa kama nyoka anayekunywa maji. Lilikuwa linalia, kri, kri, kri, pini zote mara moja. Mtu akasema kwa sauti, "Linavunjika." Nikamjibu, "Hapana, linaongea."

Nikashuka kwenye mtumbwi. Sheria inasema mjenzi anakaa peke yake. Nikamkuta Noël ameshakaa humo, mguu wake wa vibao umelala juu ya ubao. Nikamwambia atoke. Akasema, "Dada, mimi daraja lako limeshanivunja. Linanidai nini tena?" Mama Jemima aliinama juu ya mbao, akatuona wawili, akageuza uso kama hakuona kitu.

Kisha wakapita. Kwanza mtaa wa wauza samaki, na makapu kichwani makusudi, ili wajaribu. Halafu wafuma mikeka. Halafu watoto wa shule, ambao waliambiwa watembee na wakaruka. Papa, nimekaa chini ya miguu elfu tatu. Vumbi la mbao lilikuwa linatuangukia nywele zote. Nilikuwa nasoma majina kutoka chini: Feruzi, anashuka kidogo, anarudi. Clovis, anashuka, anarudi. Kila jina lilipokea mzigo, likampa jirani yake. Hakuna hata moja lililokataa.

Mji mzima ulipofika Ng'ambo, ukageuka kutazama. Maana ilikuwa zamu ya wenyeji kwenda upande wa pili. Na hawakutembea, papa. Walisimama. Watu mia sita na kumi na wawili, na daraja mbele yao. Wengine hawajawahi kuvuka maisha yao yote isipokuwa kwa mtumbwi. Mama Hadidja akavua viatu, akavishika mkononi, akaweka mguu. Alipofika katikati, daraja likamtikisa. Akasimama, akapiga mguu mara mbili, kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango. Akacheka. Akapiga kelele: "Mnangoja nini? Linacheza, halianguki!"

Wakaja wote. Vilio, vigelegele, ngoma ya Ng'ambo mbele na ngoma za mitaa minane nyuma. Noël alilia kama mtoto, na mimi pamoja naye, na mtumbwi ukaanza kujaa maji kwa sababu tulisahau kuyachota.

Mkutano ukafanyika saa nane uwanjani. Mama Jemima alisimama, akawahesabu wa Ng'ambo mmoja mmoja kwa kidole, akawaandika wote. Halafu akaomba kura ya kwanza: daraja liitwe Daraja la Kahambu. Mitaa minane ikanyoosha mikono. Nikaona haya, nikatazama chini.

Mama Hadidja akasimama. "Sisi wa Ng'ambo tunasema hapana."

Mama Jemima akauliza, "Hamumpendi?"

"Tunampenda. Amekula kwangu karibu miezi minne, na anakula vibaya. Lakini miaka kumi na moja tumengoja siku ya kusema neno kwenye mkutano huu. Hatutaanza na ndiyo."

Papa, watu walicheka mpaka hakimu akakaa chini. Wakajadiliana, tena kwa ukali, wa Ng'ambo wanapaza sauti kuliko wote. Ndipo Noël akasema jina lilikuwa limeandikwa tayari pale kwenye chuma, kwa mkono wa mwenye baiskeli mmoja, chini ya jina lake: TOLEKA. Akauliza maana yake. Mohamadi akawaeleza kwamba kwetu Kisangani ni baiskeli ya kubeba watu, na kwa Lingala ni "tupite".

Wakapiga kura tena. Daraja la Toleka. Hakuna mkono uliobaki chini.

Leo ofisi ya mji imesukumwa mpaka hapa. Naandika barua hii nikiwa ndani yake, kwa meza ya mama Jemima. Nje kuna msururu mrefu: wa Ng'ambo wameleta malalamiko ya miaka kumi na moja, na karani ameshaomba karatasi nyingine.

Wananitaka nibaki mpaka Novemba, niwafundishe kulifungua na kulifunga. Sijajibu. Nataka nisikie kwako kwanza.

Mwanao, fundi,
Kahambu

*

Makiso, le 9 Juni 2025

Fundi Kahambu,

Umeona nimekuita namna gani. Soma tena.

Barua imefika jana na Mohamadi, ambaye alianza kupiga kelele angali katikati ya mto, watu wa port wakafikiri boti inazama. Nimeisoma kwenye parking, nimesimama juu ya meza yangu ya kazi. Waliponisikia nasema "Feruzi, anashuka, anarudi," Feruzi aliketi chini barabarani. Mutu mwenye miaka makumi tano! Kisha akasimama na kuuliza kila mutu kama amesikia. Clovis amekwenda kumuita muke wake nimusomee yeye peke yake. Leo hakuna toleka hata moja inayobeba mutu Makiso. Wote wako hapa, na bendera wamefunga kwenye guidon, pale usukani.

Nimefikiri juu ya pini za wenge. Nilikunja uso, ni kweli. Nilikunja uso siku mbili. Halafu nikachonga moja, nikaiweka kwenye baiskeli ya mama mumoja wa soko. Kahambu, iko bora kuliko yangu. Nimewaambia hivyo mbele ya watu wote: mutoto amenipita. Hakuna siku nimesema neno likanitoka tamu kama lile.

Ubaki mpaka Novemba. Wafundishe wote, na wanawake zaidi. Na kwa mama Hadidja, umwambie ile hapana yake tumeipigia makofi huku mpaka polisi wa njia ameacha njia na kuja kuuliza ni nini. Tukamweleza. Akapiga makofi yeye pia.

Asubuhi hii wamekuja watu watatu wa université, na miwani na daftari, wanataka niwachoree ile daraja. Wamekaa kwenye benchi kati ya mapneu, matairi ya zamani. Nimewaambia wangoje, namuandikia fundi.

Bon, naacha hapa. Feruzi amesimama mbele yangu tena, anataka nisome pale watu wanapita.

Papa yako,
Sylvain